Ukimuuliza mtumiaji lengo lake, jibu lifanyiwe kazi

Siku hizi ni nadra kufungua programu mpya ya simu bila kukutana na maswali: unatafuta nini, una uzoefu gani, una dakika ngapi kwa siku. Nia yenyewe si mbaya, kwani mtu aliyekwisha kueleza haja yake anaweza kuonyeshwa huduma ya kulipia inayomfaa. Kinachonikera ni kwamba majibu hayo mara nyingi hayaendi popote: kiduara huzunguka, maandishi hudai kwamba mpango wako unaandaliwa, kisha watu wote huishia kwenye skrini ileile ya malipo.

Chukua programu ya kupanga matumizi ya fedha. Mtumiaji akichagua kwamba anataka kumaliza madeni, skrini yake ya kwanza iwe na nafasi ya kuandika deni moja, kiasi kilichobaki na tarehe ya kulipa, wala si grafu za akiba asiyokuwa nayo. Akishaandika deni la pili, atakuwa amefikia swali ambalo toleo la bure halimjibu, yaani alitangulize lipi na atamaliza lini. Ofa ya kulipia ikijitokeza hapo, ikitaja madeni yake mwenyewe, ataisoma. Ikijitokeza kabla hajaandika chochote, atatafuta alama ya kuifunga, na ana haki.

Duolingo, programu ya kujifunza lugha iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, humuuliza mgeni sababu ya kujifunza lugha na lengo lake la kila siku, kisha humruhusu aonje somo kabla ya kufungua akaunti. Naupenda mpangilio huo, kwa kuwa mtu huonja kwanza ndipo akaombwa kitu.

Kuhusu idadi ya maswali, kipimo changu ni kimoja: jibu lisilobadilisha skrini yoyote inayofuata, swali lake lifutwe. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu kwa lengo lililotajwa.

Jaribio la bure la huduma ya kulipia nalo lionyeshe tarehe ya kuanza kukatwa fedha palepale penye kitufe, kwa herufi zinazosomeka. Mtumiaji aweze pia kubadilisha lengo lake kwenye mipangilio, maana aliyekwisha kumaliza madeni hana sababu ya kuendelea kuuziwa kikokotoo cha madeni.