Miraba mitatu juu, mitatu kulia

"Mama, mteremko wa huu mstari ni mbili, sivyo?"

Aliniuliza jana usiku, karatasi ya grafu imekunjika pembe, kifutio mkononi. Kabla ya kuutazama mstari wenyewe, macho yangu yalikimbilia namba za pembeni. Mazoea hayo nakumbuka siku niliyoyapata.

Nilikuwa bado shuleni, na swali lilikuwa la tangi linalojazwa maji. Mhimili wa chini dakika, wa wima lita, mstari umenyooka kutoka sufuri. Kanuni ya mteremko nilikuwa nayo kichwani: badiliko la wima gawanya kwa badiliko la ulalo. Nikachagua nukta mbili ambapo mstari umekata pembe za miraba sawasawa, nikachora pembetatu, nikahesabu. Miraba mitatu juu, mitatu kulia. Jibu moja. Nikafunga daftari.

Mwalimu akalifungua. Hakuweka alama ya kukosa.

"Kwa hiyo kila dakika inaingia lita moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, nisomee. Dakika ya 2 tangi lina lita ngapi?"

Nikaweka kidole kwenye 2, nikakipandisha taratibu mpaka kwenye mstari, nikakata kushoto. Kumi.

"Na dakika ya 8?"

Kidole kikapanda tena. Ncha yake ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa penseli, ikaacha alama hafifu kwenye karatasi njia nzima. Arobaini. Nikabaki nimekishikilia palepale. Dakika 6, lita 30. Mraba mmoja wima ulikuwa lita 10, wa ulalo dakika 2, na mimi nilikuwa nimehesabu miraba, sikuhesabu maji. Tano. Lita tano kila dakika! Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshafika dawati la tatu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mstari ule ulikuwa umeinuka nyuzi 45 kamili, na macho yalikuwa yanaapa ni moja. Ukibadili skeli, yaani kiasi ambacho kila mraba unawakilisha, mstari huohuo utalala au utasimama, lakini maji yanaingia vilevile.

Jana nilitaka nami nimwambie mwanangu, "Haya, nisomee." Lakini usiku ulikuwa umekwenda na macho yake yalishakuwa mazito. Nikamwonyesha namba za pembeni, akafuta, akasahihisha, akalala.

Leo asubuhi nimefungua daftari lake. Kwenye swali lililofuata amehesabu miraba tena.