Safari ya Mbeya hadi Iringa kutafuta wasukaji wa milulu

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni msanii na anaishi Ujerumani, na safari hii alivyorudi nyumbani Mbeya wala hakuja kupumzika, alikuja na daftari la michoro akasema mdogo wangu twende Iringa nikatafute wasukaji wa milulu. Kama hujui, milulu ndo yale majani ambayo akina mama wa Kihehe wanasukia vile vikapu vya Iringa, vile vinavyosimama vyenyewe, vinavyouzwa mpaka Ulaya huko halafu ukikigeuza juu chini huoni popote jina la mama aliyekisuka. Hilo ndo linamuuma dada, na sasa hivi linaniuma na mimi.

Tukapanda basi alfajiri na baridi yake, Uyole, Chimala, Igawa, watu wamejifunika mashuka wamelala, mi namuuliza maswali tu. Anakaa karibu na Kassel, mji ambao Vita ya Pili ya Dunia iliubomoa vibaya, na mwaka 1955 wakaanzisha pale maonyesho ya sanaa yanayoitwa documenta, siku hizi yanafanyika kila baada ya miaka 5 na yanakaa siku 100, watu wanatoka dunia nzima. Ya 2022 walipewa ruangrupa waisimamie, kikundi cha wasanii wa Jakarta, na wao wakaalika vikundi vingine vya wasanii badala ya kutafuta majina makubwa. Sasa humo ndani kulikuwa na Wajukuu Art Project, vijana wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi! Mlango wa ukumbi mkubwa wa pale waliufunika kwa mabati chakavu yenye kutu, unapita kwenye njia ya giza ndo uingie, na mwaka huohuo wakapewa tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mwanzilishi wa documenta. Dada anasema alisimama pale akayashika yale mabati kwa mkono, mabati kama ya huku kwetu kabisa, akajua kazi yake inayofuata itatoka nyumbani.

Makambako tukashuka kunyoosha miguu na kununua mahindi ya kuchoma. Tukaendelea na stori, akanisimulia habari za msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar 1954 aliyepelekwa Uingereza akiwa kichanga, yule mama anatumia kanga na mtindo wa kanga kwenye michoro yake, na 2017 akachukua tuzo ya Turner, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Yaani kanga ya bibi zetu imefika huko, mi nilisisimka kweli. Misitu ya misonobari ya Mafinga ikapita hivihivi, tukashuka Ipogolo, bajaji mpaka mjini, tukalala.

Kesho yake tukaenda kijijini, nje ya mji. Tumefika, kamwene, kamwene, shikamoo mama, tukapewa vigoda. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anasuka huku anaongea, majani kayalowesha kidogo yasikatike, vidole vinaingia na kutoka bila yeye kuangalia, akimaliza mzunguko anauvuta mpaka unasikia majani yanalia. Dada akafungua daftari akamwonyesha, anataka vikapu vikubwa visivyo na kitako, viunganishwe viwe njia ya kupita mtu mzima. Mama akaangalia weee.

"Sasa mwanangu, kikapu hakina kitako, kitabeba nini?"

"Kitabeba watu mama. Watapita humo ndani."

Akanyamaza, kisha akachukua penseli kutoka mkononi mwa dada akachora juu ya mchoro wake, akasema ukisuka hivi ulivyochora kitalala chini, mdomo lazima uwe na ukingo mnene, na katikati uweke fito. Dada akafuta wa kwake akafuata wa mama. Kwa macho yangu nimeona kazi ya sanaa ikibadilika palepale kwenye kigoda, ndo maana siwezi kukubali mtu akiniambia huyu mama ni fundi tu na msanii ni yule mwenye pasipoti.

Bei wakapatana, nusu wakalipwa palepale. Halafu dada akaandika majina ya wote, moja moja, akawasomea wahakikishe herufi, maana yatakaa ukutani kwenye maonyesho sawa na la kwake, maandishi yaleyale, ukubwa uleule.

Jioni tukapita Igeleke, nje kidogo ya mji, kuna michoro ya kale kwenye mwamba, wanyama na watu kwa rangi nyekundu. Dada aliitazama sana, hakupiga hata picha.

Yule mama alituuliza swali moja wakati tunaaga, na sisi wa kwetu tutaiona lini hiyo njia ikisimama? Basi tumeshakubaliana, kabla haijafungwa kwenda Ujerumani itasimamishwa Iringa kwanza, wasukaji na watoto wao wapite ndani. Mi nimepewa kazi ya kutafuta ukumbi wenye paa refu, kama una wazo naomba uniambie.