Mjomba Aniuliza Habari za Mlima wa Fedha

Nimerudi Geita baada ya miaka tisa nchini Bolivia, na swali la kwanza la mjomba wangu, aliyezeekea kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu) ya Nyarugusu, lilikuwa hili: watu wenye mlima wa fedha wanaishije? Nilipomjibu kwamba wengi wanaishi kama alivyoishi yeye, alidhani namtania.

Mlima huo, Cerro Rico wa Potosí, umechimbwa tangu 1545. Katika miaka ya 1570 utawala wa Kihispania uliwalazimisha wanaume wa vijiji vya Andes kuuchimba kwa zamu, na sarafu zilizotokana nao zikazunguka dunia nzima (Kiswahili chetu hakikukosea kuyaita madini hayo na pesa kwa jina moja). Leo wachimbaji wa vyama vya ushirika bado huingia humo wakitafuna majani ya koka ili kutuliza njaa, hutoka na mawe ya zinki na risasi yenye fedha kidogo, na mlima wenyewe umeanza kutitia kileleni. Mkoa huo ungali miongoni mwa maskini zaidi nchini.

Bati nalo lilikuwa na zamu yake: bei ilipoporomoka mwaka 1985, wachimbaji zaidi ya 20,000 wa shirika la serikali walipoteza kazi.

Hata hivyo, nisingesema kweli kama ningemwambia mjomba kwamba hakuna kilichowahi kubadilika. Serikali ya Evo Morales, rais wa Bolivia wakati huo, ilipotaifisha gesi mwaka 2006, sehemu ya mapato iliwafikia wazee kwa njia ya pensheni na wanafunzi kwa njia ya posho, na umaskini uliokithiri ukashuka kutoka takriban asilimia 38 mwaka 2005 hadi takriban 15 mwaka 2018. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kugawa mavuno bila kutafuta visima vipya vya kutosha; uzalishaji ulianza kupungua baada ya 2014, na kufikia 2023 dola, ambazo gesi ndiyo iliyokuwa ikizileta, zilikuwa zimeadimika.

Sasa matumaini yamehamia kwenye lithiamu, madini ya kutengenezea betri, iliyo chini ya uwanda wa chumvi wa Uyuni. Mjomba aliuliza kama huchimbwa kwa sururu. Nikamweleza kwamba maji ya chumvi huvutwa kutoka chini, kisha huachwa juani kwenye mabwawa makubwa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza mabwawa hayo ni ya nani.