Sauti za wazee wa mifongo zilivyopata makao maktabani

Diski ilianza kwa kugonga. Ilikuwa ikigonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, kisha kompyuta ikasema haioni kitu. Hiyo ilikuwa mwaka 2021, chumbani kwangu Soweto, hapa Moshi. Ndani ya diski ile mlikuwa na mahojiano 41 niliyofanya na wazee wa Machame, Marangu na Rombo kuhusu mifongo, mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Fundi wa kwanza alinirudishia siku ya pili huku akitikisa kichwa. Wa pili alitaja bei ambayo ingemaliza mshahara wangu wa miezi miwili, na bado hakuahidi chochote. Wazee wanne kati ya wale niliowahoji walikuwa wameshazikwa.

Nilipekua kila mahali. Rekodi 29 nilizikuta kwenye kadi ya simu yangu ya zamani, iliyokuwa imelala kwenye droo pamoja na funguo zisizo na kufuli. Nyingine 5 niliwahi kumtumia mwenzangu kwa WhatsApp, kwa hiyo zilirudi zikiwa zimebanwa na sauti imekwaruza. Zilizobaki 7 zimepotea. Mojawapo ni ya bibi wa Machame aliyenieleza, kwa saa nzima, jinsi wanakijiji walivyokuwa wakisafisha nduwa, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku. Nimeshajaribu kuandika maneno yake kwa kukumbuka, lakini sauti yake haimo.

Mwaka ule ule, tarehe 18 Aprili, moto ulioanzia Mlima Table uliifikia maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za masomo ya Afrika. Nilikuwa nimeona picha zile na kusikitika kama mtu anayesikia msiba wa jirani wa mbali. Baada ya diski kufa, nilizielewa upya. Nilibeba flashi nikaenda kwa mkutubi wa chuo chetu anayeshughulikia hifadhi ya kidijitali.

Nilidhani atachomeka flashi, anakili, nishukuru, niondoke. Badala yake alifungua faili moja iliyoitwa "Rekodi 014(2)" na kunigeukia.

"Dada, huyu ni nani?"

Nikasikiliza. Mzee anakohoa, anaanza kusimulia ugomvi wa zamu za maji. Sikumtambua. Dakika ya nne ndipo nyuma ya sauti yake ukasikika mlio wa mashine ya kumenya kahawa, chuma kikisaga maganda mabichi, na nikakumbuka ua, benchi na mgomba ulioegemezwa mti. "Ni mzee wa Marangu," nikasema, "nilikwenda kwake msimu wa mavuno."

"Leo umemtambua kwa mashine," alisema. "Baada ya miaka 20 nani atamtambua? Mali bila daftari hupotea bila habari."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yenyewe. Tulikaa alasiri za wiki tatu tukijaza taarifa za kila rekodi. Alitumia mpangilio unaoitwa Dublin Core, wenye vipengele 15: nani, nini, lini, wapi, lugha gani, haki za nani, na kadhalika. Jina limetokana na Dublin ya Ohio, Marekani, ambako wakutubi na watu wa kompyuta walikutana mwaka 1995 kuujadili. Vipengele vingi vilikuwa rahisi. Kilichonikamata ni lugha. Nilikuwa nimeandika "Kichaga" kote, mstari mmoja, basi. Akaniuliza, Kichaga kipi? Mimi Mchaga, nimekulia Machame, najua kabisa kwamba bibi yangu na mtu wa Rombo wakizungumza kila mmoja kwa kwao hawaelewani vizuri, lakini kwenye karatasi nilikuwa nimewachanganya wote kapu moja. Akanionyesha kwamba orodha ya kimataifa ya lugha ina alama tofauti: jmc kwa Kimachame, vun kwa Kivunjo, rof kwa Kirombo. Tukarudia moja moja. Niliona aibu kidogo, na nilifurahi zaidi.

Kuhusu faili zenyewe hakuwa na maneno mengi. Zile za asili kutoka kwenye simu zilibaki kama zilivyo, hazikuguswa. Pembeni akatengeneza nakala za kuhifadhia za WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, ambazo ni kubwa: kwa kiwango alichotumia, saa moja ya sauti hukaribia gigabaiti 1. Alinionya kwamba kugeuza faili hakurudishi ubora uliokwisha kupotea, kwa hiyo zile 5 za WhatsApp zitakwaruza milele.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sasa nawaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Aliandika sentensi moja kwenye faili, akaipitisha kwenye programu, ikatoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Akaongeza nukta moja tu mwisho wa sentensi, akapitisha tena. Mfuatano wote ukabadilika, hakuna aliyeweza kusema ile ni ndugu ya hii. Kila rekodi yangu ina mfuatano wake umeandikwa daftarini, na kompyuta huupima tena mara kwa mara. Faili ikioza hata kidogo, inajulikana. Nakala ziko tatu: moja kwenye seva ya chuo, moja kwenye diski inayofungiwa kabatini, na moja Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa, kwenye chuo ambacho maktaba yetu imekubaliana nacho kutunziana. Sisi tunatunza vyao, wao wanatunza vyetu. Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani kilianza mradi wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msingi kwamba nakala nyingi ndizo zinazolinda. Wazee wetu waliokuwa wakitunziana mbegu walilijua hilo zamani.

Jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa ridhaa. Fomu walizonisainia wazee zilisema sauti ni kwa ajili ya utafiti wangu. Hazikusema maktaba, wala mtafiti mwingine, wala intaneti. Mkutubi alikataa kabisa kuziweka wazi. Nilikasirika siku hiyo, nakiri. Sasa namshukuru, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa nimeshapanda mlima upya kuomba ridhaa.

Nilipanda kweli, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa Noah hadi njia panda na kisha bodaboda. Kwa mzee wa mashine ya kahawa nilifika saa nne asubuhi.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na ile mashine yako?"

Nilimweleza kuhusu maktaba. Alisikiliza, akaninywesha mbege, akauliza, "Na nikifa, sauti itabaki inaongea?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Basi iandike kwamba mfongo wa juu uliharibiwa na mafuriko, haukuachwa na vijana. Watu wanawasingizia vijana." Nikaiandika hapo hapo, na sasa imo kwenye maelezo ya rekodi yake. Mama mmoja wa Rombo alikubali yote isipokuwa dakika 11 anapotaja kesi ya maji ya shemeji zake. Dakika hizo zimefungwa hadi watakapokubaliana kifamilia. Familia mbili za marehemu zilikataa, na rekodi zao hazifunguki kwa mtu yeyote, ingawa taarifa kwamba zipo zinaonekana.

Taarifa hizo ndizo zilizoniletea wenzangu. Sikumtafuta mtu. Miezi minane baada ya kuwekwa kwenye hifadhi, mtafiti wa maji aliyeko Arusha aliandika kwa mkutubi. Alikuwa ametafuta neno "mfongo" na majina ya vijiji. Yeye alikuwa na vipimo vya mtiririko wa mito, namba tupu, lakini hakujua mfongo upi ulikauka mwaka gani na kwa nini. Mimi nilikuwa na majibu hayo vinywani mwa wazee, bila kipimo hata kimoja. Baadaye kidogo akaja mwanaisimu, yeye aliongozwa na zile herufi tatu, vun. Ningeacha "Kichaga" asingetuona.

Watu hudhani kazi ya maktaba inaishia hapo. Kwetu ndipo ilipochangamka. Mkutubi ndiye aliyetuketisha mezani, akaandika makubaliano ya kurasa mbili: nani anatumia nini, nani anatajwa vipi, nini kitafanyika mmoja akihama chuo. Alimsaidia kila mmoja wetu kujifungulia namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote aendapo, maana mwanaisimu wetu ameolewa, na majina yake mawili, la kwao na la ndoa, yalikuwa yakimgawa watu wawili. Aliweka orodha ya marejeo ya pamoja kwenye Zotero, programu ya kutunzia marejeo. Kila rekodi iliyofunguliwa ilipewa anwani ya kudumu, isiyovunjika hata tovuti ya chuo ikibadilishwa, nasi tukazitaja anwani hizo kwenye makala yetu ya kwanza.

Makala ile ina majina manne, la nne ni la mkutubi. Mmoja wetu mwanzoni alisita, akasema wakutubi hushukuriwa chini mwishoni. Nilibisha na nitabisha tena. Mtu aliyeuliza "huyu ni nani" ndiye aliyegeuza kelele zangu kuwa data.

Januari mwaka huu alinipigia simu. Katika ukaguzi, mfuatano wa faili moja haukulingana. Moyo ulinipiga kama siku ile ya diski. Aliposema ni ipi, nikakaa chini: ya mzee wa Marangu, ambaye tulimzika mwaka jana. Kabla sijauliza akaniambia nakala ya Arusha ni nzima, ameshairudisha. Alinifungulia nisikie. Mzee anakohoa, na nyuma yake mashine inasaga.