Jua likizama Kisongo

Mwaka 2012 ndo nilianza kazi ya udereva wa transfa hapa Arusha, yani unamchukua mgeni uwanjani unamfikisha hotelini basi, za mbugani walikuwa wanapewa wakubwa. Kitu cha kwanza nilichoambiwa na kila mtu ni kimoja, dogo usichanganye viwanja. KIA, yani uwanja wa Kilimanjaro, iko kule njia ya Moshi, kama kilomita 50 kutoka mjini, ndo zinakoshuka ndege kubwa za Ulaya. Uwanja wa Arusha wenyewe uko Kisongo, barabara ya Dodoma, karibu tu na mji, na pale zaidi ni vindege vidogo vya watu 12, 13 vya kwenda Seronera ndani ya Serengeti, Manyara, Zanzibar huko. Kuna mwenzetu tulimcheka wiki nzima, alikaa KIA na kibao cha jina la mgeni kifuani, mgeni mwenyewe yuko Kisongo. Nikajiapiza, mimi hiyo hainipati.

Sasa mwezi wa saba nikapewa wazee wawili wa Kijerumani, mtu na mkewe, wanatoka Zanzibar wanashuka Kisongo saa 11 na robo jioni. Saa 10 na nusu nishafika. Kibao nilikitengeneza mwenyewe kwa boksi la karatasi za printa na maka peni nyeusi, jina lenyewe refu hatari, nilianza na herufi kubwa za kujidai nikafika katikati nafasi inaisha, mwishoni zikawa zinashuka mlima zimebanana kama abiria wa hiace. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, uwanja wenyewe uko juu karibu mita 1,400, na mlima Meru siku hiyo haukuonekana kabisa, wingu mpaka chini.

Saa 11 na robo, kimya. Kikashuka kindege kimoja cha kutoka Serengeti, watu wana vumbi mpaka kwenye nyusi, na vibegi vyao laini vile maana humo kilo ni 15 na sanduku gumu halikubaliki. Sio wangu. Nikauliza kaunta wakasema ya Zanzibar imechelewa kuondoka, nikasema sawa, nikarudi kwenye benchi. Saa 12 ikapita. Dada wa kaunta akavaa sweta akachukua pochi yake akaondoka, na hapo ndo ningejiuliza, lakini wapi, mimi macho juu, hata mwewe akipita nasimama.

Akaja mzee mlinzi na tochi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana unasubiri nini?"

"Ndege ya Zanzibar."

Akaangalia mbinguni, akaniangalia mimi, kwa huruma kabisa. "Hapa hapana taa mwanangu. Jua likishazama hakishuki kitu mpaka kesho."

Kumbe kipindi hicho njia ya kurukia ilikuwa haina taa, rubani akiona hawahi kabla ya giza anapitiliza mpaka KIA anashuka huko. Kila dereva mkongwe anajua, ila kwangu hakuna aliyewaza kunitajia. Hapohapo simu ikaita, bosi.

"Uko wapi wewe? Wageni wameshatua!"

"Bosi mimi niko uwanjani hapa, sioni kitu."

"KIA! Wako KIA!"

Aisee. Kutoka Kisongo mpaka KIA unaukata mji wote, na saa hiyo ni saa ya watu kutoka kazini, bypass ya kuzunguka mji haijajengwa, barabara ya Tengeru bado ile nyembamba, malori mbele daladala pembeni, mshale wa mafuta uko chini ya robo na jasho linanitoka na baridi ile ile. Usa River nikaipita naongea peke yangu. Nakata kulia njia panda ya KIA ndo nakumbuka kibao nimekiacha kwenye benchi.

Ilikuwa karibu saa 3. Bahati wao ndo walinitambua, maana kwa jinsi nilivyoingia mbio hakuhitajika kibao. Wamekaa juu ya mabegi yao wanakula korosho za Zanzibar, mama akaninyooshea pakiti kabla sijamaliza kuomba samahani.

Asubuhi yake walikuwa wanaruka kwenda Serengeti, kutoka Kisongo tena. Saa 1 na nusu tuko getini, na yule mzee hajabadilishana zamu bado, kibao changu kakiegemeza ukutani vizuri kabisa kinatazama njia ya ndege.

"Vipi kijana, wa Zanzibar wameshatua?"

Nikawatafsiria, wakacheka mpaka mzee wa Kijerumani akavua miwani. Mama akakichukua kile kibao akakisoma taratibu, akaniomba kalamu, akaongeza herufi moja katikati.

Kumbe hata jina nilikosea.