Bastola Haikai Garini: Yaliyonipata Katika Safari za Korosho

Watu watatu walinishauri niweke bastola kwenye dashibodi. Wa kwanza ami yangu, wa pili rafiki yangu wa dukani, na wa tatu mtu aliyebeba silaha ya serikali kwa miaka mingi, ambaye nilidhani anajua. Wote watatu walinikosesha. Kila nikisikia mtu hapa Mombasa amepata cheti chake cha kumiliki silaha, nakuta naye ashaambiwa maneno yayo hayo, na damu hunichemka.

Mimi nanunua korosho. Kaskazi ikiingia natoka nyumbani kabla ya alfajiri, nashukia Kwale: Msambweni, Ramisi, hadi karibu na Lungalunga. Siku nyingine nakwenda Kilifi na Malindi. Mkulima wa korosho hataki ahadi, ataka pesa mkononi, na kwa miaka nilizibeba noti kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti. Usiku mmoja tukirudi tulikuta mawe yamepangwa barabarani. Vijana wanne wakatoka msituni na mapanga. Walichukua pesa na simu, na mmoja akamkata dereva wangu mkono ilhali alikuwa ashaufungua mlango kwa hiari yake. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo. Wiki hiyo hiyo ndipo nilipoanza kuomba leseni.

Kuomba kwenyewe sina haja ya kukueleza. Cheti cha tabia njema, alama za vidole, daktari, mahojiano, subira. Nilikuwa sijakaa na cheti muda mrefu, mwisho wa 2018 serikali ikaamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya, nikaanza tena kupanga foleni. Bastola ya milimita 9, sefu ya nyumbani na mafunzo, vyote pamoja vilinila pesa ya pikipiki mbili tatu hivi. Sefu usiibanie. Nunua nzito, uifunge ukutani kwa bolti.

Sasa nirudi kwenye gari, maana huko ndiko nilikokosea.

Dashibodi niliikataa mapema, kwa sababu kila anayefungua mlango wa abiria anaifungua kutafuta kibiriti au karatasi. Lakini sikuiacha fikra yenyewe, kwamba silaha ina makao yake ndani ya gari. Nikamwendea fundi wa kuchomelea Kisauni, nikamchorea boksi la chuma la kukaa chini ya kiti cha dereva. Alilifanya vizuri mno, haki yake nimpe. Lilishikwa na bolti nne kwenye sakafu, lina mlango wa mbele wenye kitasa cha funguo, na ndani tulilibandika sponji ya godoro ili bastola isigongegonge kwenye barabara mbovu. Nililipenda boksi lile. Nilimwonyesha kila aliyepanda gari langu, na hilo peke yake lilikuwa kosa, kwa sababu silaha inayojulikana iliko ishaanza kutafutwa.

Miezi minne ilikaa mule mchana, usiku naiingiza nyumbani. Boksi lilifeli mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kizuizi cha polisi, saa mbili usiku, mvua inanyesha, usukani nimeushika mwenyewe. Afande akamulika tochi ndani, akaniuliza nimebeba nini. Nikasema kweli: "Magunia, na silaha ya leseni." Akauliza iko wapi. Nami, kwa moyo safi kabisa, nikainama kuelekea chini ya kiti ili nimwonyeshe. Nilisikia mlio wa bunduki ikikokiwa. Sijawahi kusikia sauti iliyo karibu vile. Nikaganda, kichwa kikiwa usawa wa usukani, mikono yote miwili gizani ambako yeye haioni. Akaniamrisha niinue mikono polepole. Nikainua. Mwenzake akaja upande wa pili, wakanishusha, nikalazwa kifudifudi kwenye matope mpaka wakaona cheti na kulinganisha namba. Hawakunipiga, hawakunitukana, na walikuwa na haki kabisa. Mtu anayeinama chini ya kiti usiku wa mvua, askari amdhanie nini? Ningekufa usiku ule nikiwa mtu mwenye leseni halali, na hakuna ambaye angemlaumu afande yule.

Mara ya pili ilikuwa uwanja wa shabaha. Ilikuwa Mei, kusi imeshika, mvua kila siku. Nilikuwa sijapiga risasi tangu Februari. Nikatoa bastola kwenye boksi, nikaona madoa ya rangi ya udongo kwenye chuma, kama mabaka ya ndizi. Nikadhani ni vumbi, nikafuta, hayafutiki. Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili haikupanda, magazini ilikuwa imekwama. Mwalimu akaichukua, akaifungua, akanionyesha springi yake: kutu tupu. Ile sponji ya godoro, niliyojisifia, ilikuwa inafyonza unyevu wa hewa ya bahari na jasho la mkono wangu, na jua la mchana linaipika kama chungu. Bastola yangu ililala kwenye shashi mbichi miezi minne. Lau wale vijana wa mapanga wangenirudia, ningekuwa na risasi moja na kipande cha chuma.

Nililia. Nasema kweli, nilikaa kwenye benchi pale uwanjani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia dereva wangu asiogope tena barabara.

Boksi nikaling'oa, na fundi akalichukua la kuwekea spana. Tangu siku ile bastola yangu haikai garini. Nikiwa nayo, iko kiunoni. Nisipoweza kuwa nayo kiunoni, iko kwenye sefu nyumbani. Hakuna mahali pa tatu.

Kiunoni nako kuna shida yake, na hapa ndipo ninapojivunia, kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Dereva wetu hukaa kulia, mkanda wa kiti unatoka bega la kulia unateremka hadi nyonga ya kushoto. Ukivaa bastola nyonga ya kulia, mkanda wa chini unaibana dhidi ya mlango. Ukiihitaji huipati, ukishuka kwa haraka inanasa. Wengi kwa sababu hiyo huacha kufunga mkanda, na barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ishaua watu wengi zaidi kuliko majambazi wote wa Pwani. Mimi nilikaa ndani ya gari, nje ya nyumba yangu, jioni tatu, bastola tupu bila risasi hata moja, nikijaribu. Dawa ikawa hii: ala ya plastiki ngumu iliyoshika sawasawa, juu ya mshipi mpana wa ngozi, shati refu la kuning'inia, na mkanda wa kiti unapita CHINI ya shati, chini kabisa juu ya mapaja, si tumboni. Shati linafunika vyote viwili. Nikifungua mkanda unarudi wenyewe bila kugusa ala. Bibi yangu, Mama Salim, alinitazama dirishani jioni zile akadhani nimerogwa.

Lakini wazo la cheti ni lake yeye, sitaliiba. Mimi nilikiweka kwenye pochi ya nyuma, yaani ili kukitoa lazima mkono upite karibu na bastola. Aliniuliza, "Baba Salim, askari atajuaje unatafuta karatasi?" Sasa cheti na kitambulisho viko kwenye kibahasha cha plastiki juu ya kivuli cha jua, mbele ya macho. Nikiona kizuizi usiku nawasha taa ya ndani, nateremsha kioo chote, mikono yote juu ya usukani. Kabla hajauliza nasema: "Salaam afande. Nina silaha ya leseni, iko kiunoni kulia. Cheti kiko hapo juu. Niambie nifanye nini." Kisha nanyamaza, na sigusi kitu. Toka nianze hivyo sijalazwa matopeni tena, na wengine wananipungia mkono wakiniona.

Na usipite hata risasi moja zaidi ya idadi iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti kinataja silaha ipi na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo, na kina mwaka mmoja tu. Kuna jamaa aliyekamatwa, si kwa sababu ya bastola, bali kwa sababu cheti kilikwisha wiki mbili nyuma naye yuko njiani.

Jambo jingine watu hulidharau: cheti ni cha mtu, si cha gari wala cha familia. Siku moja tulisimama Mariakani, nikataka kushuka kununua mahindi, bastola nikaitoa nimpe bibi yangu aishike dakika tano. Aliurudisha mkono kama aliyepewa kaa la moto. "Hii ikishikwa kwangu, mimi ndiye mwenye silaha bila kibali." Kweli tupu. Tangu hapo nikishuka nashuka nayo, na pale nisipoweza kuingia nayo sisimami. Duka kubwa lenye walinzi wa kupekua mlangoni siendi siku ya safari. Ijumaa sibebi kabisa. Navaa kanzu, nakwenda msikitini, na chuma kile hakiwezi kunisindikiza kwenye sijida. Kwa hiyo Ijumaa sisafiri na pesa. Mpangilio wa biashara yangu wote umebadilika kwa jambo hilo moja.

Mpaka nao ni mwisho wa habari. Mashamba mengine ninayonunua yako karibu na Lungalunga, na kuna aliyenishauri nivuke tu hadi Horohoro, "wote si ni Waswahili." Cheti cha Kenya ukivuka ni karatasi tu, Tanzania wana sheria yao. Nilipokuwa na harusi Tanga niliikabidhi silaha kituo cha polisi. Askari wa zamu hakutaka kuipokea, akanizungusha asubuhi nzima mpaka mkubwa wake akafika. Sikuondoka bila kuandikwa na kupewa namba ya OB, daftari la matukio la kituo. Ukiambiwa "iache tu hapo juu ya meza, tunakujua," usiiache.

Kutu sasa sina. Kila jioni bastola natoa magazini, nahakikisha chemba ni tupu, nafuta jasho kwa kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta ya bunduki. Mafuta ya cherehani nilijaribu, yanakauka na kushika vumbi. Kwenye sefu naweka vile vipakiti vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mwenye duka la viatu Marikiti ananiwekea, na vya zamani navitupa. Kila baada ya mwezi naenda kupiga risasi, hata kumi tu.

Mtu ataniuliza, je, ishakusaidia? Nitajibu kwa usiku mmoja. Ilikuwa msimu wa mwaka jana, tunatoka Ramisi. Gogo limelala barabarani, na vivuli viwili pembeni. Mkono wangu ulikwenda kiunoni, kisha nikakumbuka mwalimu wangu alivyosema siku ya kwanza: gari likiweza kusonga, songa. Dereva wangu, huyo huyo mwenye vidole viwili visivyokunjika, alikuwa ashaweka gia ya nyuma. Tulirudi kinyumenyume kama nusu kilomita, taa kali mbele, mpaka tukapata pa kugeuzia. Bastola haikutoka kwenye ala. Tulilala kwa mkulima, asubuhi tukaripoti. Magunia si roho, na sheria haitanitetea nikimpiga risasi mtu kwa ajili ya korosho. Silaha ni ya pale ambapo gari halisongi na panga liko juu.

Na kilichopunguza hatari zaidi ya bastola ni simu. Nilikaa na wakulima kijiji kwa kijiji, nikawashawishi wapokee kwa M-Pesa. Wazee walikataa msimu mzima. Nikawa nawalipa nauli ya kwenda kwa wakala, nikasimama nao mpaka wanahesabu noti zao. Sasa robo tatu ya malipo yangu hayapiti barabarani, na kila mtu huko anajua gari langu halina pesa. Safari ya kurudi nayo sipiti tena feri usiku nikabanana kwenye foleni Likoni. Nachukua daraja za Dongo Kundu, natokea Miritini bila kusimama.

Ami yangu alikuja mwezi wa Shaabani. Anakwenda Garsen kununua mbuzi wa Idi, ana pesa, anaogopa njia. Akaniomba nimwazime bastola siku mbili, aiweke kwenye dashibodi. Ni ndugu wa baba yangu, alinisomesha, sijawahi kumkatalia kitu. Nikambusu mkono nikamwambia, "Ami, hii siwezi." Akasimama akaenda zake bila kunywa kahawa. Nikamfuata hadi mlangoni, nikamwambia nitakwenda naye mimi, kwa gari langu, na pesa ya mbuzi aitume kwa simu. Hakunijibu. Alinuna mpaka usiku wa manane, kisha akanipigia: "Tunatoka saa ngapi?"