Hosi ya mvuke imeunganishwa, na bado bomba la kupumulia linanuka

Lori linashusha petroli kwenye kituo cha mafuta, hosi ya kurudisha mvuke wa tangi ndani ya lori iko mahali pake, lakini juani, kando ya kivuli cha bomba la kupumulia la tangi, kuna kivuli kingine chepesi kinachezacheza chini. Huo ni mvuke unatoka. Kila lita inayoingia kwenye tangi la ardhini hufukuza lita moja ya hewa yenye mvuke, na penye joto mita moja ya ujazo ya hewa hiyo huweza kubeba karibu kilo moja ya petroli. Lita 10,000 ni kilo 10 hivi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hautawanyiki upesi, hutambaa chini ukitafuta cheche.

Nilianza na mambo mepesi. Matangi yakiwa yameunganishwa kwa bomba moja la mvuke, mfuniko wa kupimia ukiachwa wazi kwenye tangi lolote huharibu kazi yote. Nikakagua gasketi, kisha bomba la kushushia mafuta: mdomo wake uwe umezama, sentimita 15 hivi kutoka sakafu ya tangi, la sivyo petroli hurushika na kutoa mvuke mwingi zaidi. Vyote vilikuwa sawa.

Jibu lilitoka kwenye manometa, kifaa cha kupima presha ya tangi. Vali ya bomba la kupumulia ilipangwa kufunguka kwenye milibari 35. Tulipokuwa tukishusha vyumba viwili vya lori kwa pamoja, tangi lilifika hapo. Nikafunga kimoja, presha ikashuka, ila ikagoma karibu na milibari 15, na mshale ukawa unarukaruka. Upinzani wa hosi hupungua mtiririko unapopungua. Huu uliobaki haukupungua, kwa hiyo ulikuwa wa kimiminika kilichoziba njia ya mvuke: sentimita 20 za petroli hutoa takriban milibari 15, na mshale huruka kwa sababu mvuke unapita kwa mapovu.

Bomba la mvuke lilikuwa limebonyea chini ya ardhi, na mvuke uliopoa ukageuka petroli, ukawa bwawa pale kwenye bonde. Kulikausha tu hakutoshi, litajaa tena. Tulilifukua na kulilaza upya likiinamia tangi, angalau sentimita 1 kwa kila mita, na udongo chini yake ukashindiliwa vizuri.

Mpangilio wa kuunganisha nao usichezewe. Waya wa ardhi, wa kuondoa umeme tuli, kwanza. Hosi ya mvuke ianzie upande wa lori, ndipo tangi. Ukianza na tangi, mvuke utakupumulia usoni kupitia ncha iliyo wazi. Za mafuta zifuate. Wakati wa kufungua, za mafuta kwanza, halafu ya mvuke ukianzia tangi. Baada ya matengenezo, vyumba viwili vikishuka pamoja tangi lilibaki chini ya milibari 20, na kile kivuli cha pili hakikuonekana tena.